Pembe Iliyopumzika

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nilijua kwa uhakika kabisa kinachobeba dunia. Ni ng'ombe. Bibi yangu, Bi Hawa, mama yake baba, alitueleza wajukuu wake wote: ng'ombe amesimama juu ya samaki mkubwa, dunia iko kwenye pembe yake moja, na akichoka huihamishia pembe ya pili. Hapo ndipo ardhi hutetemeka. Nilipomuuliza samaki naye amesimama juu ya nini, alisema watoto wanaouliza sana huchelewa kuota meno. Nilikuwa na pengo mbele, kwa hiyo nikanyamaza.

Tulikaa Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu na vyumba huku na huku. Leo pale pamesimama ghorofa la maduka ya vitenge, na mimi nafundisha jiografia sekondari. Wiki ninayoikumbuka nyumba ilikuwa na harusi. Shangazi Rehema, mdogo wake baba, alikuwa mwali: amefungiwa chumba cha mwisho, anasingwa liwa, ule unga wa msandali, asubuhi na jioni, haruhusiwi kuonekana na mpita njia yeyote mpaka siku ya ndoa. Alimpenda kweli mwanamume aliyemposa, na hilo lilijulikana. Tatizo lilikuwa Bi Zuhura, shangazi aliyemlea bwana harusi. Alikubali posa kwa shingo upande, na sote tulijua anatafuta sababu ya kuivunja.

Siku ya kuletwa sanduku la mwali, lenye nguo na zawadi kutoka upande wa bwana harusi, Bi Zuhura na wenzake walivuka kwa pantoni kutoka Kigamboni, wamevaa kanga sare, wakaingia kwetu kwa vigelegele. Sanduku lilipotua tu juu ya mkeka, vikombe vikaanza kugongana kabatini. Bati likalia. Mkeka ukawa kama unavutwa na mtu.

Siku hizi nikifundisha tetemeko huwaeleza wanafunzi habari ya mlango wetu wa uani, uliokuwa ukivimba kila masika. Unausukuma, haukubali. Unazidi kusukuma, haukubali. Halafu unaachia ghafla na nyumba nzima inasikia. Miamba chini yetu nayo ina nyufa kubwa, na pande mbili za ufa husukumana polepole miaka na miaka, zimekwamana kwa sababu zinakwaruzana. Nguvu inajikusanya. Siku miamba ikishindwa kuhimili, upande mmoja huteleza kwa kishindo, na mtikisiko husambaa kama mawimbi hadi kwenye vikombe vya watu wasiojua lolote. Pwani yetu ina nyufa hizo, nyingine chini ya bahari. Lakini mchana ule hakuna aliyefikiria mwamba.

Baba alipiga kelele tutoke sote. Sasa mwali je? Akibaki, nyumba huenda ikamwangukia. Akitoka, Kariakoo nzima itamwona uso umejaa liwa. Bibi alikata shauri papo hapo. Kila mwanamke alivua kanga ya juu, wakazishika juu na pembeni wakamzunguka Shangazi, wakatoka naye mbiombio, kibanda cha kanga kinachokimbia, miguu tu ikionekana chini. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda, nimemng'ang'ania kiunoni. Alikuwa anatetemeka, na baadaye nikagundua kuwa anacheka.

Nilichungulia kwenye mwanya wa kanga mbili, nikaona mtaa umejaa watu waliokimbia maduka yao. Ardhi ilikuwa imeshatulia, lakini wengi bado walikuwa wakisoma dua. Walipoona zile kanga na miguu iliyopakwa hina, walijua moja kwa moja kwamba bibi harusi anatolewa. Muuza vitumbua akapiga kigelegele. Msukuma mkokoteni akapisha njia, mwingine akaanza kupiga ndoo, na watu waliokuwa wanalia punde tu wakaanza kucheza. Sijawahi tena kuona hofu ikigeuka sherehe upesi namna ile.

Bi Zuhura hakucheza. Alikuwa amekumbuka kukimbia na sanduku lake, na akasimama nalo kando.

"Bi Hawa, mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Lakini sanduku limetua, ardhi imetikisika. Harusi hii ina nuksi. Narudi nalo Kigamboni."

Ndani ya kanga kicheko cha Shangazi kilikatika. Alinishika mkono mpaka ukauma.

Bibi hakupandisha sauti. "Nuksi ipi, mwenzangu? Ng'ombe alikuwa amechoka, ameuhamisha mzigo. Sasa hivi dunia imekaa kwenye pembe iliyopumzika. Wazee wetu walikuwa wakiingoja saa kama hii ndiyo waoze, maana ndoa inayoanzia pembe mpya haiyumbi. Na aliyemwamsha ng'ombe ni sanduku lako."

Muuza vitumbua alidakia kwamba kweli, hata marehemu mama yake alikuwa akisema hivyo. Mama mwingine aliomba aliguse sanduku, kwa ajili ya binti yake ambaye hajapata mchumba. Wakajipanga kuligusa. Bi Zuhura aliwatazama, akalitazama sanduku lake, na niliona kwa macho yangu uso wake ukilainika. Alilitua chini taratibu, akasubiri kidogo. Ardhi ilikaa kimya.

"Haya, liingizeni ndani," alisema, na kigelegele alichopiga hapo kiliwashinda wote.

Shangazi aliolewa Ijumaa ile, na mpaka leo yuko na mumewe. Bi Zuhura alikihadithia kisa hicho hadi mwisho wa maisha yake, kila mara kama chake.

Kwa sababu ya kazi yangu nimewauliza wazee wengi wa pwani habari za ng'ombe. Karibu wote wanamjua. Wengine humwongezea inzi anayemsumbua sikioni. Lakini pembe iliyopumzika hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Mwaka jana nilimweleza Shangazi jambo hilo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mimi siku ile ndiyo kwanza nilikuwa naisikia," aliniambia. "Mama aliitunga palepale barabarani. Nami ndani ya kanga nilikuwa naomba wamwamini."

Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema anamkumbuka sana mama yake. Nikamwambia hata mimi, na tukakaa pale tukimcheka na kumlilia kwa pamoja.