Refa wa Koridoni

Nilijua gemu yangu ni nzuri kabla hata mtu hajaicheza. Ndivyo nilivyo, unyenyekevu aliuchukua wote dada yangu.

Ilikuwa gemu ya watu wawili. Kila mmoja ana kibao chake kwenye skrini, mpira unadunda katikati, ukikupita umefungwa. Nilichukua kompyuta mbili kuukuu, nikaziunganisha kwa waifai, moja chumba cha mbele cha nyumba yetu Chang'ombe, nyingine sebuleni, ili wachezaji wasikiane bila kuonana. Chumba hicho cha mbele baba alinipa mpaka Idi tu. Gemu isipovuta watu, alisema, anampangisha fundi cherehani.

Wa kwanza kucheza walikuwa baba mwenyewe na mjomba, kaka wa mama, aliyekuja kutoka Kunduchi. Mashemeji hao kwa utani hawajambo. Matusi matamu yalivuka ukuta mchezo mzima. Bao la mwisho lilipoingia, wote wawili walitoka koridoni wakicheza singeli, kila mmoja mshindi.

Walivutana kwenda kuonyeshana skrini. Ya baba imeandika umeshinda. Ya mjomba nayo imeandika umeshinda.

"Hii ndo gemu gani, inampaka mtu mzima mafuta kwa mgongo wa chupa?" baba alifoka. "Idi siingoji. Kesho jioni nampigia fundi."

Niliumia, lakini sikutikisika, maana kosa nililiona palepale. Kila kompyuta niliipa mpira wake na mamlaka ya kuhesabu mabao. Ujumbe ukichelewa kidogo njiani, mipira hiyo miwili inaachana, na kila upande unaona yake. Dawa ni mpira mmoja, na kompyuta moja ya kuamua. Nikapendekeza iwe ya chumba cha mbele.

"Anapocheza shemeji?" mjomba alidakia. "Mie sichezi refa akiwa anakula kwao!"

Alikuwa na haki. Basi nikatoa laptopu yangu iliyovunjika bawaba, nikaiweka kwenye stuli koridoni, pasipo na mchezaji. Mpira ukahamia humo. Kompyuta za vyumbani zikabaki kutuma miondoko ya mikono ya wachezaji na kuonyesha walichoambiwa.

Kesho yake jioni walirudiana. Baba akafungwa.

Safari hii skrini zote mbili zilikubaliana, nami nikatamani kidogo zisingekubaliana. Mjomba alicheza singeli mpaka kofia ikadondoka. Baba alitoka, akaitazama laptopu pale kwenye stuli, akaitazama tena, kisha akatoa simu mfukoni na kumpigia fundi cherehani.

"Fundi, kile chumba usikingoje," alisema, jicho kwa shemeji yake. "Kuna mtu humu sijamfunga bado."