Bei ya Koo la Kathembo

Emérance alimsikia Kathembo kabla hajamwona. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, na yeye alikuwa nyuma ya meza yake ya mitumba akimbembeleza mwalimu mmoja juu ya koti. Mwalimu alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Mara, kutoka upande wa vitunguu, safu saba mbele, ikapaa sauti ya mwanamume, nene, imenyooka, haina mikwaruzo. Mwalimu akageuza shingo, akaliachia koti, akaenda kununua vitunguu.

Mwingine angetukana. Emérance alimwachia jirani meza akaifuata ile sauti. Alikuwa ametoka Butembo, Kongo, na watoto wawili na robota moja la nguo, na sasa alikuwa na meza tatu. Hakuzipata kwa kununia kitu kinachofanya kazi vizuri kuliko chake.

Alimkuta mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, kifua kama debe, amesimama juu ya kreti na macho ameyafumba.

"Papa, huyu wa vitunguu anakupatia nini?"

"Elfu tano na chakula, mama."

"Chakula gani?"

"Maharage."

"Kuja kwangu. Elfu kumi. Siku ya Mardi, hii Jumanne yenu, utakula nyama. Vendredi kama leo ni samaki, mi niko Mukatolika."

"Mama, hata haujauliza jina yangu."

"Jina nitauliza ukishauzisha."

Kathembo akashuka kwenye kreti. Emérance alilijua jina jioni, baada ya suruali zilizolala miezi minne kwisha zote.

Alikuwa Mkonjo wa Bwesumbu, juu kabisa mlimani, mahali ambapo mtu mwenye shida na jirani wa ng'ambo hashuki bonde na kupanda tena. Anasimama ukingoni anaita. Kathembo aliita hivyo tangu utotoni: mbuzi waliopotea, misiba, mikutano ya kanisa. Alipoteremka kutafuta maisha alijaribu kufyatua matofali, akajaribu kubeba saruji, na kote huko alilipwa kwa nguvu za mgongo, na mgongo wake haukuwa wa ajabu. Ilimchukua miaka kumi na mitano kugundua kwamba koo nalo linauzika. Emérance aliposikia hayo alimwona mpole kuliko anavyopaswa kuwa mtu mzima, lakini watu wa namna hiyo ndio wanaoajirika.

Wiki ya tatu, Jumanne, Kathembo alipanda juu ya kreti, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kama gunia linaloburutwa juu ya sakafu.

"Umekunywa?" Emérance aliuliza.

"Hapana, mama. Jumamosi nilikuwa kazini Kasese. Mi niko animatere ya Shaba."

Shaba ilikuwa timu ya mpira ya mjini Kasese, timu ya kulipwa, yenye uwanja wa kiingilio na wachezaji wa mshahara, mshahara ukifika. Animatere ni yule anayesimama mbele ya jukwaa la mashabiki na kuwaongoza: anaanzisha wimbo, anapandisha, anashusha, anawaambia lini wapige makofi na lini wamzomee refa. Ili awaone watu wake, huupa mchezo kisogo kwa dakika tisini. Kathembo alikuwa na misimu sita na hajaona bao hata moja likiingia.

Emérance aliliweka chini shati alilokuwa analikunja.

"Ngoja nisikie muzuri. Wale bachezaji, banalipwa?"

"Banalipwa."

"Refa?"

"Analipwa."

"Mwenye kukata tiketi?"

"Naye analipwa, mama."

"Na weye mwenye kupasua koo, nani anakulipaka?"

"Ni mapendo, mama. Lakini siku hizi ninaingia bure." Alilisema kwa fahari, kifua mbele.

Emérance alimtazama kama anavyotazama robota lililofunguliwa likakutwa limejaa soksi za mguu mmoja. Alikuwa ameona wapumbavu wa kila aina pale mpakani, wanaouza mbuzi ili wanunue redio, wanaobadilisha fedha na watu wasiowajua. Huyu alikuwa wa aina mpya. Alikuwa na mali moja tu duniani, na kila Jumamosi aliimwaga bure mbele ya watu elfu mbili, kisha Jumanne akamletea yeye makapi.

Hakumfukuza. Alifanya biashara. Atamwongezea elfu nne kila wiki, na kwa hizo elfu nne ananunua ukimya wake wa Jumamosi. Aende uwanjani akitaka, aongoze kwa mikono, lakini mdomo ufungwe. Kathembo alifikiri, akakubali, wakapeana mikono.

Wiki mbili alijikaza. Ya tatu alikuja na kitambaa chenye damu, akasema amejisahau kidogo, kulikuwa na kona. Emérance alimpeleka mwenyewe kliniki, kama mtu anavyopeleka pikipiki yake kwa fundi, akakaa ndani ili asikie. Muganga wa kliniki, daktari binti makini aitwaye Ninsiima, alimulika tochi, akashika shingo, akauliza maswali, akasema koo lina vinundu.

"Sokoni unaita, muzee, ni sawa, ukikunywa maji na kupumzika. Uwanjani unapasua. Ukirudia ile ya uwanjani hata siku moja, siwezi kukuahidi kwamba utakuwa na sauti ya kuamkia bibi yako asubuhi."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Njiani Kathembo alitembea akitazama chini, na Emérance akadhani ameogopa. Kumbe alikuwa anahesabu siku. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa imebaki siku nane, Shaba na timu ya wageni kutoka Fort Portal. Atakayeshinda anapanda daraja.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi hiyo, akaja mezani mwenyekiti wa mashabiki, Twinomujuni, mwanamume mrefu mwenye viatu vya kung'aa. Mkononi alikuwa na jaketi la njano lililoandikwa mgongoni ANIMATERE MKUU.

"Kathembo, jeshi inakungoja. Bila wewe ile jukwaa ni kanisa ya Jumatatu."

"Muganga amekataza," alisema Kathembo, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye jaketi.

"Muganga hajui mpira. Jina lako litatangazwa kwa spika, uwanja mzima isikie."

Emérance aliingilia. "Mwenyekiti, unaleta feza ngapi?"

"Mama, hii haiko ya pesa. Hii ni moyo."

"Moyo niko nayo. Uliza bei ya koo."

"Wewe mama ni mufanyabiashara, hauwezi kuelewa."

"Ninaelewa. Unataka kununua na jaketi kitu chenye mi ninanunua na feza kila wiki. Hata mi ningependa kukuwa na mapendo ya namna hiyo."

Kathembo alicheka, akalivaa jaketi, akageuka ili wauza viazi waone mgongo. "Usiogope, mama. Nitatumia mikono tu. Nakuapia."

Emérance alikuwa amesikia viapo vingi katika biashara, na hicho hakukipa hata saa ishirini na nne. Twinomujuni alipoondoka, akatoa simu, akaielekeza kinywani mwa Kathembo.

"Papa, kunywa maji kwanza. Sasa ita nguo kama vile unaitaka kila siku. Usitaje bei. Ita suruali, ita makoti, ita vya batoto. Halafu ita tena."

"Ya nini?"

"Ukumbusho."

Kathembo alifumba macho akaita dakika ishirini nzima, vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na jaketi.

Jumamosi Emérance alikwenda Kasese kuchukua marobota, akapita uwanjani. Langoni aliona jambo lililomchefua: watu walewale ambao kwake hubishania shilingi mia mbili kwenye shati la mtoto walikuwa wanatoa elfu tano ya kiingilio bila kufungua mdomo. Yeye aliomba apunguziwe. Mkata tiketi alishangaa kana kwamba ameombwa figo. Basi akasubiri nje, akala muhogo wa kuchoma, na mpira ulipofika mapumziko mlango ukawa nusu bei. Akaingia.

Kelele zilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Mtu amejipaka masizi na rangi ya njano akilia machozi na mchezo bado sufuri kwa sufuri. Mwingine amevaa mfuniko wa sufuria kichwani na anaupiga kwa kijiko. Mwanamume wa heshima, ambaye Emérance alimjua kama mzee wa kanisa, alikuwa anamtukana mama wa refa kwa majina ambayo yeye hakuwahi kuyasikia hata forodhani. Na kule uwanjani vijana ishirini na wawili waliupiga mpira juu, ukashuka, wakaupiga juu tena. Ndiyo bidhaa yenyewe. Angekuwa nayo mezani angeiuza kwa fungu.

Kathembo alikuwa juu ya pipa, mgongo wake wa njano kwa mpira. Mdomo kaufunga. Alipandisha mikono, jukwaa likapanda, akaishusha, likashuka, lakini kila mara liliishia chini zaidi. Bila ile sauti hawakujua mahali pa kushika wimbo. Wageni walikuwa watu mia tu na ngoma nne, na ngoma zao zikaanza kuumeza uwanja. Watu wa Kasese wakaanza kumpigia kelele Kathembo mwenyewe.

"Weka sauti! Unalala?"

"Vua hiyo jaketi!"

Emérance aliiona misuli ya shingo ikimtutumka. Akanong'ona, "Nyamaza, mupumbafu, nyamaza," kama mtu anayeangalia mtungi wake ukiteleza.

Dakika ya themanini na tatu refa aliwapa wageni penalti. Kathembo hakuiona, aliisoma kwenye nyuso elfu mbili. Alifungua kinywa.

Ikatoka sauti ya Bwesumbu yote, sauti ya bonde hadi bonde, na jukwaa likaidaka, na kelele iliyofuata Emérance aliisikia kwenye meno. Vuvuzela, mabati, makopo, miguu, kila kitu, ili mpigaji mmoja mwembamba mwenye soksi iliyoshuka apoteze akili.

Mpigaji akaipandisha soksi, akaupiga mpira taratibu kushoto, kipa akaruka kulia. Bao. Kathembo aliliona likipita usoni mwa watu, safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu. Akaendelea kuita. Aliita mpaka kitu kikakatika, na kuanzia hapo mdomo ulikuwa unafunguka na kufumba bila sauti yoyote.

Shaba ilifungwa moja bila. Wakati watu wanatoka, Emérance alimsikia yule mwenye mfuniko akimweleza mwenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba bila zile kelele wangefungwa tatu.

Jumatatu Twinomujuni alimtuma mtu kwa Kathembo. Si kumpa pole. Jaketi lilitakiwa lirudi, lilikuwa mali ya tawi la mashabiki, na animatere mpya alikuwa ameshapatikana.

Jumanne Emérance alitundika spika juu ya meza ya kati, akaiunganisha na simu. Sauti ya Kathembo ikaenda mpaka kwa wauza samaki, safi, haina kikohozi, haihitaji nyama wala samaki. Hadi saa nne alikuwa ameuza kuliko Jumanne yoyote ya mwaka ule, akawa anajiuliza kwa nini hakulifanya mapema.

Saa nne Kathembo mwenyewe akaja. Alisimama mbele ya meza, chini ya spika, kimya.

"Yesu!" akapiga kelele muuza viazi. "Mutu iko huku, sauti iko kule!"

Watu wakaanza kukusanyika. Wakamtazama Kathembo, wakaitazama spika, wakamtazama tena. Waliokuwa wameshika nguo waliziachia ili waone vizuri. Hakuna aliyenunua.

"Papa, pole," alisema Emérance. "Ikala hapa kwa kiti, kunywa chai."

Kathembo hakujibu.

"Sauti ulinipatia mwenyewe. Nilikushika shati?"

Kimya.

"Sawa, chakula. Kila siku ya soko utakula hapa."

Kathembo alimwangalia tu. Nyuma yake mtu akasema, "Mama, mulipe mwenye sauti yake!" na wengine wakacheka.

Emérance alikuwa amepatana na Wahindi, na maaskari, na wajane, na wezi. Wote walisema kitu. Walilalama, waliapa, walijifanya wanaondoka, na yeye alijua pa kumshika kila mmoja. Huyu hakuwa na pa kushikwa. Akajikuta anajibu maneno ambayo mtu hakuyasema.

"Elfu tano, na haufanye kazi hata moja! Unataka nini, unimalize? Elfu saba. Angalia batu, unanifungia meza! Basi elfu kumi, ile ya zamani, na chakula, kila soko spika ikilia. Hata mi sijue kama beko na akili wenye kulipa mutu juu ya kunyamaza!"

Kathembo akanyoosha mkono. Emérance akaushika haraka kabla bei haijapanda tena.

Baada ya wiki mbili mke wa Kathembo, Loyi, alipita kununua sketi, na katika kupatana bei akamwambia kwamba siku ile mumewe alikuja kuomba kazi ya kubeba marobota, ya elfu tatu, ila hakuwa na jinsi ya kulisema. Emérance alimuuzia sketi bila kupunguza hata shilingi.

Shaba bado iko daraja lilelile, na animatere mpya ana tarumbeta. Kathembo humwita mkewe kwa kupiga makofi. Kila Jumanne na Ijumaa anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya kati, anakula, na jioni anapokea kama zamani. Emérance ana sauti ambayo Jumamosi haiendi popote, na anailipia bei ya mtu mzima.