Fundi Anayeitwa Jasusi Kila Jumapili

Saa tano asubuhi, Jumapili. Kengele za kanisa zimenyamaza, na moshi wa makaa umelala juu ya paa za nyumba zilizoshikana mabega kutoka kilimani hadi kwenye geti la kiwanda cha nguo. Edna Threlfall amepiga magoti nyuma ya televisheni ya Harold Fielden. Bisibisi ameibana kwa meno, na mkononi ameshika kioo cha kujitazamia, ili akiwa huku nyuma aweze kuiona picha iliyo kule mbele.

Picha inapanda, inapanda, haitaki kutulia. Kichwa cha mchungaji wa ibada ya asubuhi kiko chini, miguu yake iko juu.

Fielden hasogei mlangoni. Amekunja mikono kifuani, na anayemtazama ni fundi, si mchungaji.

"Itapona kabla ya mpira wa mchana?" anauliza.

"Itapona kabla hujaikata nyama yako, Mzee Fielden."

"Na ukitoka hapa unaelekea wapi?"

"Nyumbani. Nami nina nyama yangu kwenye oveni."

"Moja kwa moja?"

Edna anatoa bisibisi mdomoni. "Unataka kunisindikiza?"

Fielden anainua macho ukutani. Juu ya meko, mahali ambapo wengine hutundika picha ya Malkia, ameibandika leseni yake ya televisheni, ile ambayo kisheria kila nyumba yenye televisheni huilipia serikali kila mwaka. Ni ya televisheni ya rangi, ya pauni kumi na mbili, ghali kuliko ya picha nyeusi na nyeupe, na ameipa fremu ya mbao.

Katika mji huu wa Nelson, kaskazini mwa Uingereza, Jumapili ndiyo siku ya mavuno kwa fundi wa televisheni. Maduka yamefungwa na baa zinafunguliwa kwa saa chache tu. Watu hula nyama ya kuoka na viazi, kisha hukaa. Mchana kuna mpira au filamu ya vita. Jioni kuna nyimbo za dini, halafu hadithi ya watu wa kale waliovaa magauni mazito. Stesheni ni tatu, na nyumba nzima hugombania moja.

"Televisheni ni kama jino," anasema Edna. "Wiki nzima kimya. Inasubiri daktari afunge ndiyo ianze kuuma."

Edna ana miaka hamsini na mmoja. Ufundi aliupata wakati wa vita, alipokuwa msichana katika jeshi la anga akirekebisha mitambo ya rada. Vita vilipokwisha aliambiwa ahsante, arudi kwenye mashine za kufuma. Alirudi. Akaolewa na Ronnie, mfumaji mwenzake, wakaishi vizuri mpaka vumbi la pamba lilipokula mapafu ya Ronnie. Leo mumewe hawezi kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Malipo ya ulemavu hayatoshi kununua makaa na chakula kwa pamoja. Ndipo Edna alipoutoa chini ya kitanda mkoba wake wa vifaa vya jeshini.

Kwa miaka tisa alikuwa mtu wa kila nyumba. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila kugonga, akapewa chai, akaambiwa siri za mimba na madeni. Kazi ya Jumapili hutoza pauni moja na nusu. Wasio nacho humpa kabichi za bustanini.

Kisha lilikuja gari lenye antena.

Ilikuwa vuli ya mwaka jana. Gari la wakaguzi wa leseni lilianza kuonekana mtaani, na halikuwa la kubahatisha. Halikupita nyumba hadi nyumba. Lilikwenda moja kwa moja kwa Jean Holroyd, mjane anayefanya kazi kantini, likaikuta televisheni isiyo na leseni kabisa. Baadaye likaenda kwa Fielden, aliyekuwa na televisheni ya rangi na leseni ya picha nyeusi na nyeupe. Halafu nyumba ya tatu. Wote walipelekwa mahakamani, wakatozwa faini.

Nyumba zote tatu zilikuwa zimetembelewa na Edna siku chache kabla ya wakaguzi.

"Mimi si mtu wa kusema watu," anasema Jean Holroyd, kisha anasema. "Lakini hesabu zililingana. Nani mwingine anaijua televisheni yangu mpaka matumbo yake?"

Mtaa haukumshutumu Edna usoni. Ulimpa adabu, na adabu ile iliuma kuliko matusi. Milango ya nyuma ikaanza kufungwa kwa komeo. Waliomwita walifunika televisheni kwa kitambaa cha meza, akainua upande mmoja tu, ule wa nyuma, kama daktari wa kiume aliyeitwa kumtazama mwali. Chai ilikoma. Watoto walijificha nyuma ya kuta za mawe wakaita, "Jasusi! Jasusi!" Mama zao ndani wakajifanya viziwi.

"Niliumia," anasema Edna. "Halafu siku moja nikajiuliza: na kama wanasema kweli? Sikumwambia mtu, naapa. Lakini mtu aliambiwa. Nikaanza kumshuku kila niliyemwona. Muuza maziwa. Mtu wa bima. Nilimshuku hata mchungaji wetu, Mungu anisamehe."

Anakatisha maneno na kumtazama mwandishi wa habari hii. "Na wewe, andika mji. Mtaa usiandike."

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Edna hajapata kuisikia methali hiyo, lakini usiku na mchana ilikuwa ikimtafuna. Alipowapitisha wote kwenye chujio, alibaki mtu mmoja aliyejua kila nyumba aliyoingia Edna, kwa sababu yeye mwenyewe alimsimulia kila jioni, huku akimvua viatu.

Basi alitega mtego. Anasimulia bila kujisifu, macho kwenye vidole vyake vyenye makovu ya kuchomelea nyaya.

Ijumaa moja alimwambia Ronnie kwamba Bi Ivy Shuttleworth, ajuza wa nyumba ya mwisho, ametumiwa hela na mwanawe aliyeko Kanada na amenunua televisheni ya rangi kwa siri. Ulikuwa uongo mtupu. Bi Ivy ana kisanduku kikongwe cha picha nyeusi na nyeupe, na leseni yake ameilipa. Edna hakumwambia kiumbe mwingine yeyote, hata Bi Ivy.

Wiki iliyofuata, wanaume wawili walibisha mlangoni kwa Bi Ivy.

"Walikuwa na heshima zao," anakumbuka bibi huyo. "Wakatazama sebuleni, wakatazama chumbani, mmoja akapapasa nyuma ya pazia. Nikawaambia, wanangu, rangi iliyomo humu ndani ni ya soksi zangu. Mkitaka kuzikamata, kamateni."

Edna alizisikia habari hizo dukani alipokwenda kununua mkate. Aliuacha mkate kaunta akarudi nyumbani. Ronnie alikuwa kwenye kiti chake dirishani.

"Ronnie, nani anajua habari ya televisheni ya Ivy?"

Ronnie akacheka. "Ile ya rangi? Hata Cyril alishangaa. Alisema..."

Kisha akauona uso wa mkewe, na hakumaliza.

Cyril Aspinall ni rafiki wa Ronnie tangu utoto, mlinzi wa shule aliyestaafu. Kila Jumamosi alikuja kucheza domino. Na kila Jumapili Cyril hula chakula cha mchana kwa binti yake, ambaye mumewe ni mmoja wa wale wanaozunguka na gari lenye antena. Njia ya maneno ilikuwa fupi kiasi hicho: kitini kwa Ronnie, mezani kwa domino, mezani kwa nyama.

"Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia," anasema Edna. "Aliniacha nimalize. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijalipatia jibu."

Ronnie mwenyewe analirudia, kwa pumzi za vipande. "Nilimwambia, mke wangu, wewe unaingia kwenye nyumba za watu. Mimi nina kiti, dirisha na Cyril. Nikikosa la kumwambia, atakuja kufanya nini hapa?"

Je, Cyril alijua anachokifanya? Mwandishi alipobisha kwake, mlango ulifunguka upana wa kiganja. "Leseni ni sheria," alisema kupitia mwanya huo. "Na mimi sina televisheni. Nasikiliza redio." Mlango ukafungwa.

Edna angeweza kumtupia Cyril mzigo wote na kunawa mikono. Badala yake, Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, alimshika Ronnie mkono wakaupanda mtaa. Ronnie alikaa kila penye ukuta wa kukalika. Mapazia yalikuwa yakitikisika dirisha baada ya dirisha.

Kwa Fielden, Ronnie ndiye aliyesema. "Harold, maneno yalitoka kwangu. Si kwa Edna."

"Kwa hiyo si yeye, ni wewe."

"Ni mimi."

"Na wewe uliyapata kwa nani?"

Ronnie alimtazama mkewe. Upepo ulikuwa mkali pale mlangoni, anasema Edna, lakini yeye alikuwa akitoka jasho.

"Fielden alinibana," anakiri Edna. "Kwa miaka yote nilidhani kumwambia mume wako si kusema. Kumbe nilikuwa nikiyatoa ya watu kila siku, na kuyaweka mahali pasipo na kifuniko."

Jean Holroyd alisema amesamehe, lakini siku hizi humwita fundi kutoka mji wa jirani. Fielden alirudi kwa Edna kwa sababu moja, na haifichi: hakuna mwingine anayekuja Jumapili. "Ni fundi mzuri," anasema. "Ndiyo maana namtazama."

Nyumbani kwa akina Threlfall, kimya kimehamia. Edna akirudi, Ronnie huuliza, "Ulikuwa wapi?" Naye hujibu, "Kazini." Kisha huzungumzia mvua, kama abiria wawili wasiojuana stesheni. Cyril haji tena. Domino zimo ndani ya kopo lake, juu ya kabati.

"Nimeulinda mtaa, nimemwacha mume wangu na njaa," anasema Edna. "Njaa ya maneno ni njaa kama nyingine."

Ndiyo maana ana mpango. Pale kwenye kona, kibanda cha fundi viatu kimekuwa kitupu tangu mwenyewe afariki. Mwenye jengo amekubali kumpangisha kuanzia majira ya kuchipua. Watu wataleta televisheni zao kwa miguu yao, mchana kweupe, na Ronnie ataketi kando yake akipima vali, zile taa ndogo za kioo zinazowaka tumboni mwa televisheni. Hakuna ngazi. Kuna jiko la makaa.

Alimweleza mumewe Jumapili iliyopita, wakati nyimbo za dini zikiendelea kwenye televisheni. Ronnie alisubiri mpaka ubeti wa mwisho.

"Na mtu akiniuliza fulani alileta televisheni gani?"

"Mwambie akamuulize fulani."

"Na akiwa Cyril?"

"Akiwa Cyril, mpe kiti acheze domino. Wateja wakiwepo, mbele yao. Kila mtu asikie anachoambiwa."

Mtaa utakuja? Hakuna anayejua. Bi Ivy ameahidi kuwa wa kwanza, ingawa kisanduku chake hakina ugonjwa wowote. Jean Holroyd anasema ataona. Fielden anasema atapita nje kwanza, achungulie.

"Basi," Ronnie alimwambia mkewe Jumapili ile, "nitahitaji koti la kazi."