Kahawa ya Wazee wa Yaarub

Shemeji yangu Munjid, ambaye sisi Wasiria wa mji huu humwita Abu Rawad, ni fundi wa vigae. Hubandika vya chini tu. Mikono yake haipandi juu ya mabega tangu aliponing'inizwa kwa vifundo vya mikono katika jela moja ya Dameski. Vya juu nabandika mimi. Wajerumani wenye mabafu hudhani huo ndio utaratibu wa Kisiria.

Aliyemning'iniza, kapteni Yaarub, alikimbilia Ujerumani kama sisi akawa anasambaza vifurushi. Polisi wakamkamata, maana sheria ya huku inamruhusu hakimu kumhukumu mtesaji hata kama maovu yake aliyatenda nchi nyingine. Yaarub akakana: jela ile hajapata kuikanyaga, yeye alikuwa karani wa magari ya jeshi. Aliyemwona kwa macho mle ndani na bado yu hai ni Munjid peke yake. Asiposema, Yaarub anarudi kwenye vifurushi vyake.

Wiki moja kabla ya ushahidi, wazee watatu wa ukoo wa Yaarub walitutembelea katika nyumba tunayokaa pamoja na Munjid. Munjid akawamiminia kahawa chungu. Kiongozi wao, Abu Hazim, akaweka kikombe chini bila kukigusa na mdomo. Kwetu mgeni mwenye haja hufanya hivyo, na mwenyeji akimwacha na kikombe kilichopoa, aibu ni ya mwenyeji mpaka kaburini.

"Kunywa kahawa yako, mzee wangu," Munjid akasema, kama alivyofunzwa na baba yake. "Ulilojia umelipata."

Nilitamani kumziba mdomo. Haja yenyewe hata hajaisikia!

"Mungu akuhifadhi, Abu Rawad," mzee akasema. "Tumekuja kumwombea mtoto wetu. Msamehe. Alikuwa kijana, anatumwa tu."

"Kijana ana miaka hamsini," nikasema.

"Wewe nawe, hebu nyamaza!" mke wangu akanifokea kutoka jikoni.

Munjid akamsogezea mzee kile kikombe. "Nimemsamehe," akasema. "Kunyweni, inapoa."

Wakanywa, wakaondoka wamechangamka. Kwetu aliyesamehe hadai tena. Hilo halisemwi, linajulikana. Mmoja wao aliona hata nafasi ya kuvisifu vigae vya choo chetu.

"Sasa mahakamani utakwenda kufanya nini?" nikamuuliza Munjid. "Kuwaamkia?"

"Ningefanyaje, shemeji? Ameweka kikombe chini."

"Ungekimwaga!"

"Kahawa ya mgeni? Nyumbani kwangu?"

Nilikasirika kweli. Kazini sikumsemesha ila kumwomba gundi.

Siku ilipofika, wazee walikaa mstari wa mbele wamevaa suti, wametulia. Munjid akapanda kizimbani na kueleza yote: chumba, bomba la darini, sauti ya Yaarub akihesabu. Jaji alipomwomba aonyeshe mikono ilivyofungwa, aliinyanyua, ikagoma mabegani.

Abu Hazim akasimama katikati ya mahakama.

"Abu Rawad! Neno lako liko wapi? Kahawa yako si tumeinywa?"

Askari wakamfuata, lakini jaji, mwanamke mkavu mwenye mafua, akawazuia. Akamtaka mkalimani aeleze alichosema yule mzee. Kisha akamgeukia Munjid: "Neno gani hilo?"

"Walikuja kwangu kumwombea huyu msamaha, mheshimiwa. Nikatoa. Sijaurudisha. Kunyamaza hawakuniomba."

"Msamaha wa nini?"

Wakili wa Yaarub aliruka kama aliyekalia mwiba, akipinga. Munjid alimgeukia yule mzee, kwa adabu ile ile ya siku ya kahawa.

"Mwambie wewe, mzee wangu. Mlikuja kuomba msamaha wa nini?"

Mzee alimtazama Yaarub, na Yaarub alikuwa anamtikisia kichwa. Mtu wa kwetu aweza kuidanganya serikali asubuhi, mchana na jioni, na Mungu atamwelewa. Lakini kikombe alichokiweka chini kwa mkono wake mwenyewe na kuitikiwa, hicho hawezi kukikana. Nilimwonea huruma, na sikutarajia.

"Wa mikono yako, Abu Rawad," akasema polepole, akakaa.

Mkalimani akatafsiri. Jaji akaandika.

Yaarub amefungwa maisha. Msamaha wake anao mpaka leo, Munjid hauondoi. Na vigae vya juu bado nabandika mimi.