Ng'ombe wa Bibi Aliponyamaza

Kwetu Kikoneni ukishiba hupigi mbweu kwa kujificha. Unapiga, unasema alhamdulillahi, na aliyepika anajua chakula kimefika. Kwa hiyo siku ile bwana mifugo alipomwambia bibi yangu kwamba mbweu za ng'ombe wake zinaharibu hewa ya dunia na kuzidisha joto, bibi alimtazama kama mtu aliyekuja kumfundisha adabu uani kwake.

"Jua lote hili," bibi akauliza, "ni la ng'ombe wangu mmoja?"

"Si yeye pekee, mama. Ni ng'ombe wote."

Bwana mifugo alikuwa mtu wa bara, anakaa kule kwenye mashamba ya skimu ya serikali. Akaeleza kwamba nyasi zikifika tumboni mwa ng'ombe hutoa gesi, gesi hutokea mdomoni, hupanda juu na kuifunika dunia kama blanketi. Akatupa miche ya lusina, mti wa malisho. Ikishakua, tuchanganye majani yake kidogo na nyasi nyingi. Maziwa yataongezeka, gesi itapungua. Mimi nilikuwa kidato cha pili na sikuelewa. Siku zote nilidhani gesi ya kulaumiwa hutokea upande wa pili. Nikauliza. Bibi akanifinya.

Mwaka ule ulifuata zile mvua za Elinino. Hata fimbo ungeichomeka ardhini ingechipua. Lusina ikapanda juu, nikawa nakata na kuchanganya. Maziwa yakaongezeka kweli. Halafu Jumamosi moja asubuhi bibi akaniita zizini.

"Sikiliza."

"Sisikii kitu, bibi."

"Ndilo hilo. Tangu alfajiri hajapiga mbweu hata moja."

Kwa bibi, ng'ombe asiyepiga mbweu anavimba kwa ndani. Anayevimba atakufa, na akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, haliwi, anafukiwa. Akamtuma mtoto wa jirani amwite mjomba aje na kisu.

"Lakini si ndivyo tulivyoambiwa?" nikasema. "Amepunguza."

"Kupunguza si kunyamaza, mjukuu wangu."

Huenda ng'ombe alikuwa anakufa, huenda alikuwa anaiokoa dunia, na kwa sura tu huwezi kutofautisha. Nilichojua ni kwamba simtaki kwenye sufuria. Ndiye chai yangu ya asubuhi, tena ndiye pekee nyumbani aliyewahi kusikiliza utani wangu hadi mwisho. Nikakimbia mpaka kwa bwana mifugo.

"Hiyo inaweza kuwa nzuri, ama inaweza kuwa mbaya," akasema, nami nikaona sasa tumechanganyikiwa wawili. "Mguse ubavu wa kushoto. Ukiwa mgumu kama ngoma, niite haraka. Ukiwa laini, mwachane naye."

Niliporudi mjomba alikuwa ananoa kisu, na majirani wamekwisha fika na mabakuli yao. Nikawaeleza habari ya ubavu wa kushoto, nikasimama mbele ya ng'ombe, uso kwa uso, nikanyoosha mkono.

"Huo ni wa kulia," mjomba akasema.

"Ni kushoto kwangu."

"Anayeumwa ni nani, wewe au yeye?"

Nikagusa mbavu zote mbili. Zote laini. Mjomba, aliyetoka kwake bila kunywa chai kwa ajili ya maini, akabonyeza naye. "Mimi naona kama una ugumu-ugumu." Bibi akamsogeza, akaweka sikio. Ng'ombe akageuza shingo, akavuta tawi la lusina lililoegemezwa ukutani, akaanza kutafuna.

"Mgonjwa gani huyu anayekula?" bibi akasema.

"Mgonjwa wa njaa," mjomba akajibu.

"Rudisha kisu chako kwenye ala."

Mpaka leo sijui kama ng'ombe yule alinyamaza kweli, au ni sisi ambao hatukuwahi kumsikiliza kabla ya siku ile. Bwana mifugo naye hajui, nimemuuliza.

Yakabaki mabakuli. Mtu hatoki kwa bibi yangu mikono mitupu, basi nikatumwa kukata lusina, kila jirani akapewa mzigo. Mama mmoja aliutazama mzigo wake ndani ya bakuli.

"Nyama hii," akauliza, "naitia nazi, au naichoma?"

"Mpe mbuzi wako," bibi akasema. "Kisha ukae umsikilize."