Bibi Alivyosikika Kanisani Chome

Mwaka aliofariki bibi, nilimrekodi jikoni kwake Chome akitwanga mahindi ya makande na kupiga soga. Nilitaka mlio wa mchi tu, nitengenezee midundo kwenye laptop, lakini nikashindwa kufuta maneno yake. Nikayawekea kitufe chake, kando ya kile cha mdundo.

Jumapili iliyopita kwaya iliniomba niwapigie mdundo kanisani. Kwa kujiona fundi, nikabonyeza bila kuangalia. Spika zikamtoa bibi, anajirudia rudia: “Mwalimu wetu wa kwaya anaimba kama mbuzi.”

Nikabonyeza kuzima. Mwalimu mwenyewe, mzee sasa, akanigeukia. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Aliniambia hivyo kila Jumapili,” akasema, akifuta macho. “Hebu bonyeza tena.”