Mlango wa Bawaba

Kila karatasi iliyopita mikononi mwa baba, aliipuliza. Tabia hiyo aliitoa katika enzi za wino na brashi, wakati ukurasa ulipohitaji pumzi kidogo kabla ya kukabidhiwa mtu mwingine. Wino ukaondoka, mashine zikaja, yeye akaendelea kupuliza: gazeti la jana, cheti cha dawa, picha za arusi, hata simu ya binti yake alipoonyeshwa ujumbe. Kwenye kampuni ya katuni alikofanyia kazi maisha yake yote walimwita Mzee Puliza. Nyumbani, dada yake, aliyehamia kumtunza tangu miguu ilipomkataa, hakumwacha salama.

"Kaka, hilo gazeti si uji. Unapuliza nini?"

"Habari za motomoto hizi," alikuwa akijibu, bila kucheka.

Binti yake naye alikuwa mchoraji katika kampuni ileile. Wakubwa kwa wadogo walimjua baba yake kwa shujaa mmoja tu: Bawaba, mtu asiyezuiwa na mlango wowote. Toleo la kwanza kila mtu alilikariri. Karakana ya kushona nguo inaungua, mlango umefungwa, mume anauvuta mpaka bawaba zinang'oka, anamtoa mke wake akiwa mzima. Tangu hapo hakuna komeo linalomshinda.

Siku moja mhariri, kijana wa suruali za kubana na maneno ya haraka, akamwita binti ofisini.

"Dada yangu, tunamzaa upya Bawaba. Msomaji wa leo si wa jana. Yule wa zamani anashinda mapema mno. Kamtoa mke, basi, wamekwenda nyumbani kula. Sasa anapigania nini? Mke afe, dada. Afie humo ndani. Hapo tunapata shujaa."

"Na baba?"

"Mzee ndiye mwenye kauli. Asiporidhia, hatuchapi. Ndiyo maana nakutuma wewe. Mimi akinipuliza nitaruka."

Binti alicheka kidogo, kwa adabu, akarudi mezani kwake na moyo mzito kama jiwe la kusagia.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alikufa kwenye moto wa karakana, binti akiwa bado mtoto wa kunyonya. Hayo tu ndiyo aliyoyajua. Shangazi akiulizwa zaidi alisema, "Ya Mungu mengi," akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kwa hiyo mama aliyemfahamu ni yule wa kwenye katuni, anayetoka katikati ya moshi amemshika mumewe shingoni. Alikua naye. Baba alipokuwa akichora alitia alama ndogo ya msalaba kwa penseli kila mahali palipotakiwa kuwa peusi, na yeye, mtoto aliyepiga magoti juu ya kiti, akapajaza wino. Mlango mweusi wa toleo la kwanza aliujaza kwa mkono wake. Na sasa mkono huohuo uambiwe umrudishe mama ndani.

Alijikaza kisabuni, akachora. Mume anausukuma mlango, mke anapiga mayowe, radi inapasua mbingu, kama alivyotaka mhariri. Akachapa kurasa, akazipeleka alasiri moja.

Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Macho yalishaanza kuingia ukungu, hivyo aliusogeza ukurasa hadi karibu na pua. Akaupuliza. Akautazama sana. Kule jikoni shangazi naye aliacha kugonganisha sufuria.

"Mlango umeukosea," akasema.

"Vipi, baba?"

"Umemchora anasukuma. Ule ulikuwa wa kuvuta. Na kufuli lilikuwa hapa, juu ya mshikio. Chuma kitupu. Kwa moto ule kilikuwa hakishikiki."

Binti alilijua toleo la zamani kama kiganja chake. "Lakini hakuna kufuli, baba. Kwenye lako hakuna."

"Hakuna. Nililiondoa."

Ndipo binti akaitazama mikono ile iliyoshika karatasi. Baba alishika brashi kwa ncha za vidole, kama mtu anayechomoa mwiba, kwa sababu viganja vilikuwa na makovu yaliyomvuta ngozi. Pasi, aliambiwa alipokuwa mdogo. Aliungua na pasi. Akaamini, akakua, akapata mvi zake za kwanza bado anaamini. Mtu gani huunguzwa na pasi viganja vyote viwili?

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwa nakwenda kumpitia kila siku, turudi pamoja. Msimamizi wao alikuwa anawafungia kwa nje, eti wasitoke na vitambaa. Siku hiyo kaenda kula, kaenda na ufunguo." Aliuweka ukurasa mapajani, akaulainisha. "Na huyu umemchora anapiga kelele. Hakupiga."

"Alifanya nini?"

"Aliniambia niache. Alisema, 'Nenda kamchukue mtoto, saa hizi ameshaamka.' Wewe ulikuwa kwa jirani."

Binti alitaka kuuliza, akaogopa jibu, hatimaye akauliza. "Ukaenda?"

"Nilivuta mpaka sauti yake ikakoma. Ndipo nikaenda." Akaulainisha tena ukurasa. "Na kweli ulikuwa umeamka."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni. Hakukuwa na chombo cha kuosha. Alijifuta uso nacho, akarudi alikotoka.

"Basi, baba, nitawakatalia. Abaki hai, kama ulivyomwacha."

Baba alitikisa kichwa. "Nilikuwa na brashi mkononi, mwanangu. Ningemwachaje mle ndani? Lakini nimechoka kumtoa. Kila wanapochapa upya, namtoa tena, na nikirudi nyumbani hayupo. Wewe mchore alivyokuwa. Ila usimwekee mayowe mdomoni. Hayakuwa yake."

Binti akairudia kazi yote. Radi aliifuta. Mayowe aliyafuta. Aliweka kufuli mahali pake. Kisanduku cha mwisho alikichora kwenye karatasi halisi, mlango tu uliofungwa, na maneno ya mama yakitokea upande wa pili. Mlango aliujaza weusi kwa mkono, kwa brashi kuukuu ya baba yake. Ulimchukua muda, maana hakutaka doa.

Mhariri aliusoma ukurasa huo amesimama. "Sasa dada, nguvu zake zinatoka wapi?"

"Bado hazipo. Anakwenda kumchukua mtoto."

Kijana yule akavuta kiti. Akaketi. "Acha hivyohivyo," akasema mwishowe. "Kauli ya mzee tu."

Binti alipoupeleka ukurasa, baba hakuwa tena kwenye kiti. Alikuwa kitandani, amepungua, shingo imebaki mishipa. Shangazi alimwinua kidogo, akamwekea mto mgongoni. "Kaka, umeletewa kazi," akamwambia, na safari hii hakumtania.

Baba aliushika ukurasa kwa ncha za vidole. Aliutazama mlango. Aliyafuata maneno ya mke wake kwa kidole, taratibu, hadi mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wake na kuukuta kamili. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli aliyoisubiri mhariri.

Kisha akakusanya pumzi, akapuliza. Pumzi yenyewe haikutosha hata kuitikisa ncha ya karatasi, na wino ule ulikuwa umekauka tangu juzi. Binti alinyoosha mkono auchukue, amlaze apumzike. Baba akauvuta kwake.

"Usiuguse kwanza, mwanangu," akasema. "Bado mbichi."